Mume Wangu Kawaambia Wageni Mimi Nilikuwa Mpika Chai

Wakubwa zangu shikamooni, wengine nawasalimu. Admin, jina langu lifiche, ingawa watu wa Mikumi wakisoma watanijua tu, na wakinijua sawa. Nina miaka hamsini na sita, ni mke wa mtu na mama wa watoto ambao sasa ni watu wazima. Mimi na mume wangu tuna karakana kando ya barabara kuu, tunatengeneza mashine za mkono za kukamua mafuta ya alizeti. Huyu mume nitamwita Baba Watoto.

Nianzie mbali kidogo mnielewe. Baba yangu alikuja Kilosa kufanya kazi kwenye mkonge, mimi nikazaliwa kambini. Nilisoma sekondari ya ufundi, nikajua kuchora mashine. Niliporudi nyumbani ilikuwa miaka ile ya soko huria: mashamba yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini, kila mtu anaambiwa ajiajiri. Mafuta ya kutoka nje yamejaa madukani, huku mkulima ana alizeti yake na hana pa kuikamulia. Karakana moja ya Mabwerebwere, hukohuko Kilosa, ikaamua kuunda mashine ya mkono, mimi nikaajiriwa kuchora, mwanamke peke yangu. Baba Watoto alikuwa fundi wa kuchomelea palepale. Tulikuwa bado hatujaoana.

Mashine ya kwanza ilikuwa imara kweli. Bosi, mtu wa miraba minne, akaijaribu mwenyewe, mafuta yakatoka, tukapiga makofi. Akaagiza zitengenezwe nyingi. Nikamwomba tuipeleke kwanza kwa watakaoitumia. Akasema fundi haendi kumuuliza mteja, mteja ndiye anayemfuata fundi. Niling'ang'ania mpaka akanipa ile ya majaribio, ilimradi nimwondokee. Nikaondoka nayo kwenda Vidunda, kijiji cha mlimani, Baba Watoto akanisindikiza. Gari liliishia Kidodi. Kule juu mashine ilipanda imening'inizwa kwenye mti mabegani mwa wanaume, kama jeneza.

Sikuwaeleza kitu akina mama wa kule. Niliiweka uani nikakaa pembeni, nikatazama. Mpini ulikuwa juu mno, mpaka mtu aning'inie ndipo ushuke. Mwenye mtoto mgongoni akamfungua, akampa mwenzake, akajaribu, akachoka. Mmoja akaiacha, akachukua kinu chake akaanza kutwanga alizeti kama siku zote. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Dada, hii mashine ni ya mume wangu, na mume wangu hakamui mafuta."

Basi nikaomba vipande vya mti. Nikafunga mpini wa mti, wakajaribu. Nikaukata, wakajaribu tena. Tuliposhuka mlimani nilikuwa na mchoro mwingine kabisa: mashine ndogo, mpini unaofika kiunoni, inafunguka vipande ambavyo mama anabeba kichwani. Bosi akaitisha kikao, akasema nimegeuza mashine yake kuwa chombo cha jikoni, akanifukuza palepale. Baba Watoto, aliyekuwa ameyaona yote kwa macho yake, alitazama viatu vyake.

Sikulia. Nilihamia Mikumi nikaanza kwenye kibanda cha mabati. Baadaye Baba Watoto akanifuata akitaka kazi. Nikamwambia kazi ipo, ila hapa hakitoki kitu kabla hakijakaa kwa watumiaji, tukakirekebisha, kikarudi kwao tena. Akakubali. Ndoa ikafuata. Na mashine yangu, ndugu zangu, ilinunuliwa. Wapo wanawake waliosomesha watoto kwa mafuta yake.

Sasa sikilizeni. Juzi walikuja wageni wanaotaka tuwaundie mashine ya kusaga karanga. Mmoja akauliza wazo la ile ya alizeti lilitoka wapi. Baba Watoto akasimulia safari ya Vidunda yote, mpini, kinu, vipande vya mti, kama vile ni yeye aliyekaa pale uani. Halafu akanionyesha kwa kidole akasema, "Na mama hapa alitusaidia sana, alikuwa akitupikia chai." Wageni wakacheka. Mimi nimesimama na grisi mikononi.

Tulipobaki wawili nikamuuliza. Akasema wageni wanataka kumsikia fundi, angeanza habari zangu wangechelewa. Na hiyo ya karanga ameajiri vijana wanaochora kwa kompyuta, wanachora vizuri, amewaamuru waanze kukata vyuma bila kwenda kumwona msaga karanga hata mmoja. Nilipopinga mbele yao, akaniambia nimwombe radhi mbele yao hao hao au nikae nyumbani.

Wifi zangu wamekuja kunikalisha chini, eti mke hamvui mumewe nguo hadharani. Nimewajibu kwamba mimi nimevuliwa mbele ya wageni na hakuna aliyenirushia hata kanga.

Sijaomba radhi na sitaomba. Nimeshakodi banda ng'ambo ya barabara. Wawili kati ya wale vijana wamenifuata, na wiki hii tunakwenda kukaa na akina mama wanaosaga karanga, tukiwa na mashine ya mbao tu, waivunje wanavyotaka.

Kwa hiyo msinishauri nirudi nyuma. Shida yangu ni nyingine. Bado nampenda huyu mwanaume, hajawahi kuninyanyulia mkono, na mpaka leo tunakula sahani moja. Mchana nitakuwa mshindani wake, jioni mke wake. Jana tukiwa tunakula akaniuliza, kama mtu asiye na haja na jibu, karanga zangu nitazisaga kwa mpini wa kuzungusha au wa kusukuma. Nikaendelea kumega ugali.

Mliowahi kuishi hivi semeni nami. Leo jioni atauliza tena, namjua. Nimjibu nini?