Maana Zisizokuwamo Daftarini

Nakumbuka siku moja kwa masikio kuliko kwa macho, mwanangu. Nikifumba macho siioni vizuri, nikinyamaza naisikia.

Shule nilisoma miaka miwili tu, kwa walimu wa misheni huku Sikonge, tena kwa kukatizwa na mavuno. Sioni haya kulisema. Nyumba hii ya bati unayokuja kunisalimia niliijenga kwa asali na nta, si kwa cheti. Lakini ujanani nilikuwa na kiburi cha kitu kimoja: daftari la maneno ya Kiingereza. Enzi za Mwingereza, mwenye maneno hayo alikaa mbele, na asiyekuwa nayo alisimama jua kali akisubiri kutafsiriwa. Basi nikimkuta karani wa stesheni pale Kigwa namwomba neno, nikimkuta mwalimu namwomba neno. Naliandika lilivyotamkwa, na maana yake kando. Yalipofika themanini, wenzangu wakaniita Bwana Maana. Nami nikaitika.

Kiangazi kimoja tulipiga kambi ya asali, watu watatu: mimi, mjomba Mhoja, na mwanawe Maganga, binamu yangu na mtani wangu. Mizinga yetu ilining'inia kandokando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wa pembe za ndovu, na baadaye wapagazi wa vita vya Mjerumani na Mwingereza. Wengi waliishia humo, bila kaburi. Kwa hiyo warina asali wa upande ule walikuwa na sharti: msituni hatuitani kwa mdomo. Ukimtaka mwenzako, unagonga mzinga mtupu wa gogo kwa mpini wa shoka, mara tatu, unatulia, kisha mara mbili. Naye akisikia anajibu vivyo hivyo kwa kugonga mti ulio karibu naye. Ukisikia sauti ya mtu inakuita, usiitike. Funga mdomo, uipe mgongo.

Asubuhi hiyo Maganga alikwenda kwenye mizinga ya mbali, arudi jua likiwa utosini. Mjomba akaenda kuchota maji, na kisima kilikuwa safari ndefu. Jua likafika utosini, likapita, likaanza kuinama. Maganga hajarudi. Nikashika shoka nigonge, halafu nikajionea aibu. Mtu mzima mwenye maneno themanini agonge gogo kama kigong'ota! Nikajipa hoja yangu: wazee walikataza kuita, lakini wao walijua Kinyamwezi na Kiswahili tu. Wafu wa njia ile watajulia wapi Kiingereza? Nikiita kwa Kiingereza sijavunja kitu.

Nikazungushia mdomo viganja. "Kamu!" nikapaza. Daftarini: njoo.

Kimya. Hata nyuki walinyamaza. Halafu upande wa machweo, mbali: "Kamu."

Nikacheka peke yangu. Nikasema ndiye Maganga, ananiigiza kama kawaida yake. Nikaita tena: "Kwiki!" Yaani haraka.

Jibu likaja karibu zaidi: "Geti apu."

Mwanangu, neno hilo lilikuwamo daftarini mwangu, lakini sikuwa nimeliita. Wahenga husema neno likitoka halirudi. Langu lilirudi, tena na mwenzake.

Ilipokaribia jioni mjomba akatokea na kibuyu begani.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yu njiani, mjomba. Nimemwita, kaitika."

"Umegonga?"

"Nimeita. Kwa Kiingereza."

Akakitua kibuyu taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Maneno gani?" Nikamtajia yangu mawili, na lile la tatu lililojibu. "Na maana yake, we msomi?"

"Kamu ni njoo. Kwiki ni haraka. Geti apu ni inuka."

"Hizo ni za karatasi. Shika na za kwangu." Hapo ndipo nilipojua kuwa mjomba alibeba mizigo ya vita, hakuwahi kutuambia. "Kamu ni kidole. Mmelala hoi, kidole cha Mwingereza kinakuangukia wewe. Kwiki ni kiboko. Geti apu huambiwa aliyeanguka. Huambiwa mara tatu. Ya nne haipo. Mzigo wake hupewa aliye nyuma yake. Mimi nilikuwa nyuma." Akaelekeza kidevu njiani. "Unadhani hawajui Kiingereza? Hawakufa na kitu kingine masikioni. Nawe umewaita kazini."

Akachukua shoka akagonga mpaka jua likazama. Hakuna aliyejibu.

Kesho yake tukaufikia mti ambao Maganga alikuwa ameanguka kutoka juu yake. Haukuwa mbali sana, gogo lingesikika pale. Burutiko la mwili wake lilionekana wazi kwenye majani makavu, nalo halikuelekea kambini. Lilitukimbia. Tulilifuata hadi karibu adhuhuri, tukamkuta amelala kifudifudi, midomo imepasuka kwa kiu, mguu umevimba kama mzinga.

"Nilishika kijiti nikisubiri mgonge," akasema alipokwisha kunywa. "Mara nikasikia naitwa kwa lugha nisiyoijua. Nikafunga mdomo, nikatambaa."

"Nilikuwa mimi, ndugu yangu."

"Wewe na nani?"

"Peke yangu."

Akanitazama sana. "La. Mlikuwa wawili. Na mwenzako alikuwa karibu nami kuliko wewe."

Fundi wa kuunga mifupa alisema kuanguka kulivunja mfupa tu. Kilichouharibu ni kutambaa. Maganga alichechemea maisha yake yote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofunzwa. Mimi sikusikia la mkuu, na guu likavunjika la mwenzangu. Yeye alinisamehe kwa utani: "Bwana Maana, niite kwa Kiingereza, nije na fimbo." Watu walicheka. Mimi sikuweza.

Daftari ninalo bado, na maneno niliendelea kujifunza, sikuambii uyakimbie. Nakuambia hivi. Maana uliyoiandika kando ya neno ni yako wewe. Kabla hujalipaza, uliza nani mwingine amelibeba, na lilimfikisha wapi. Mtu aliyeanguka usimwite kwa sauti ya kukupamba wewe. Mwite kwa sauti anayoijua, hata kama ni ya gogo. Na sharti la wazee usilitafutie upenyo kabla hujajua linazuia nini, maana upenyo huo wewe utaupitia kwenda, na kitu kingine kitaupitia kuja.

Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie. Siku utakayoanguka mbali na watu wako, wakuite kwa mlio unaoutambua, na mkono wako uwe bado na nguvu ya kugonga ukiwajibu.