Makofi yaliyomuumiza Mama Bwawa

Jua halijachomoza sawasawa, naye ameshapiga magoti ukingoni mwa bwawa la kuogelea la shule ya wasichana, brashi mkononi, anasugua utelezi wa kijani unaong'ang'ania vigae. Maji yametulia tuli. Harufu ya klorini imemganda vidoleni kiasi kwamba, anasema, hata akimenya vitunguu haitoki.

Wanafunzi wanamwita Mama Bwawa. Ana miaka hamsini na moja, na kazi hii aliianza binti yake wa mwisho akiwa bado anatambaa; leo binti huyo naye ana mtoto. Yeye ndiye anayeopoa majani kwa wavu wenye mpini mrefu, anayetia dawa majini, anayefunga geti jioni.

"Na nilikuwa sijui kuogelea," anasema, macho yakiwa kwenye brashi. "Hata kidogo. Maji yakinifika magotini, moyo unakimbia. Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami nikanyamaza."

Shule hii huwapa wasichana wa kidato cha tano na cha sita mchana mmoja kila wiki kwa mambo ya nje ya darasa. Wengine huenda kwenye midahalo, wengine kwenye maigizo, wengine hufundisha hesabu katika shule ya msingi ya jirani. Lakini chama cha kuogelea ndicho kinachojaa mapema kuliko vyote.

Muhula uliopita, mwalimu wa kuogelea aliitwa ofisini mara moja. Aliwaamuru wasichana wamsubiri nje ya maji. Mmoja wao, mgeni wa kidato cha tano aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza, akateleza na kutumbukia kwenye kina kirefu.

Mama Bwawa alikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, wavu mkononi.

"Ningenyoosha mkono tu," anasema. "Mpini ungemfikia, angeushika. Lakini mikono iliganda. Nikapiga kelele. Basi, kelele tu."

Kiongozi wa chama, msichana wa kidato cha sita, alikuwa akibadilisha nguo. Alisikia, akatoka mbio, akajitosa na kumvuta mwenzake hadi ukingoni. Binti yule alitapika maji, akalia, akapona.

Kesho yake, kwenye paredi, mkuu wa shule alimwita Mama Bwawa mbele na kusema sauti yake ndiyo iliyookoa maisha. Shule nzima ikampigia makofi.

"Wao walipigia mikononi," anasema, "mimi yakanitua mashavuni."

Nyumbani hakugusa chakula. Mume wake, fundi baiskeli, alishangaa. "Umesifiwa mbele ya shule nzima, halafu umenuna kama mtu aliyefukuzwa kazi?" Tangu hapo, kila alipomwona binti yule aliyeokolewa akija bwawani, alijifungia chumba cha pampu mpaka apite.

Siku moja binti akamfuata humo humo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona unanikimbia?"

Mama Bwawa akajifanya anakaza bomba ambalo halikuwa limelegea.

"Siku ile nilikuwa nautazama ule mpini," binti alisema taratibu. "Nilidhani utaniletea."

Mama Bwawa alikaa juu ya ndoo, akafunika uso kwa viganja. "Sijui kuogelea, mwanangu. Niliogopa. Nisamehe."

Binti akasema, "Na mimi sijaingia majini tena tangu siku ile."

Wakati huo kiongozi wa chama alikuwa akitafuta shughuli ya kujitolea, kwani kila msichana wa kidato cha sita hutakiwa kuwa nayo. Akaanzisha mafunzo ya kuogelea ya Jumamosi kwa wafanyakazi wa shule. Mpishi na mlinzi waliahidi kufika, wakaingia mitini. Mama Bwawa alifika kwa sababu binti yule alimshika mkono na hakumwachia.

"Nilijifunika taulo mpaka dakika ya mwisho," anakumbuka. "Mwili uliozaa mara nne, usimame mbele ya wasichana wale!" Wote wawili waliingia kwenye kina kifupi wameng'ang'ania ukingo.

Jumamosi hii kiongozi anamhimiza kutoka juu: "Puliza mapovu, mama! Usibane pumzi!" Mama Bwawa anazamisha uso, anaibuka akikohoa.

"Minyoo yote tumboni imekufa leo," anasema, na binti aliye pembeni yake anacheka hadi naye anameza maji.

Anaachia ukingo, anapiga miguu, anazama, anasimama. Anarudia.

Aibu yenyewe, anasema, haijaondoka. Siku ya wazazi, mama yake binti alimshika mikono yote miwili akimshukuru, naye akakosa pa kuuweka uso.

Anataka avuke bwawa zima kabla binti hajamaliza kidato cha sita, kisha asomee uokoaji.

Anapojikausha, anamuuliza mwandishi, "Haya yote utayaandika?"

Anaambiwa uamuzi ni wake. Anakamua taulo kwa muda mrefu, maji yakichuruzika miguuni pake.

"Andika," anasema. "Ila usiyatoe kabla ya Jumatatu. Asubuhi hiyo nakwenda ofisini kwa mkuu wa shule. Nataka ayasikie kwangu kwanza."