Mchango wa Mkurugenzi

Watu wa Kombani walikuwa wakisema kwamba Hafsa angeweza kumtoa senti hata mtu aliyekuja sokoni kukopa. Hawakukosea sana. Mtu akilazwa, akifiwa au akiunguliwa na nyumba, jamaa zake walimwendea Hafsa kabla ya kwenda kwa chifu. Naye kwanza huja kumwona mwenye shida, akaketi naye na kumuuliza analala vipi, anakula nini, nani anamchotea maji. Kisha huenda penye watu, sokoni au penye kisomo, akasimama na kueleza. Hapigi chuku wala halii. Akimaliza, huivua kanga ya mabegani, huitandika chini na kusema, "Haya jamani, mwenye chochote, Mungu atamlipa." Kanga ikikunjwa huwa nzito.

Kipaji hicho, bila shaka, hakikumpa mwenyewe hata sabuni ya kufulia. Riziki yake ilikuwa Diani, katika chumba cha dobi cha hoteli ya Lulu ya Kusi, ambako alifua mashuka ya wageni kwa mikataba mifupi mifupi iliyofanywa upya kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anajaribiwa. Miaka yote hiyo alitaka kitu kimoja tu, ajira ya kudumu. Alitaka mgongo wake ukichoka awe na kiinua mgongo cha kuuegemeza. Alikuwa amemwona Mzee Mangi, aliyefua pale tangu mashine ya kwanza iletwe, akiondoka kama kibarua, akipewa saa ya ukutani kwa sababu sasa alikuwa na wakati mwingi. Hafsa hakuitaka saa.

Kisha wageni wakakatika. Ndege hazikuja, vitanda vikakaa vitupu, na kampuni ikatangaza kwamba maji yako shingoni. Wafanyakazi wa chini walipewa likizo isiyo na malipo, neno la adabu kwa mtu anayefukuzwa na watu wasiopenda kelele. Serikali, kwa huruma zake, ikachota fedha za umma na kuiokoa Lulu ya Kusi ili ajira za Wapwani zisipotee. Ajira ziliokolewa kwa utaratibu mzuri, kuanzia ghorofa ya juu kushuka chini, na zilipofika karibu na chumba cha dobi fedha zikawa zimechoka. Hafsa alirudishwa kazini kwa nusu mshahara, akaambiwa ashukuru, akashukuru.

Ghorofa ya juu nako hawakukaa bure. Mkurugenzi Mkuu, Bwana Elkanah, aliketi na wenzake kutafakari ni nani hasa aliyeinusuru kampuni katika kipindi kile kigumu. Walitazamana usoni wakagundua kwamba ni wao. Basi wakajipa bonasi ya ustahimilivu, kwa kuwa walikuwa wamestahimili mno, wengi wao wakiwa Nairobi.

Habari ikavuja mpaka Bungeni. Wabunge wengine wakaleta mswada kwamba bonasi yoyote ya wakubwa katika kampuni iliyookolewa na umma itozwe kodi, tena kodi ya kuirudisha karibu yote ilikotoka. Wengine wakasimama kidete kuupinga. Walisema redioni kwamba ukiwatoza watu wa vipaji watakimbilia ng'ambo, na pale Ukunda waliosikia wakauliza kama watahitaji kusaidiwa mizigo. Mheshimiwa mmoja alisema kodi ni dhuluma. Alikuwa hajawahi kuikataa kodi iliyomhusu mtu mwingine, lakini hii ilimgusa rohoni. Na kwa kuwa sheria inataka wananchi waulizwe, hata kama hakuna anayengoja jibu lao, kamati ikapanga kuja Msambweni kukusanya maoni.

Ndipo Gillian alipomwita Hafsa ofisini. Gillian alikuwa afisa wa wafanyakazi, mtu wa bara, mwenye roho nzuri kila ilipowezekana.

"Hafsa, nimeskia wewe uko na ile kitu. Ukiongea, watu wanaguswa."

"Ni Mungu tu, madamu."

"Sasa hiyo kamati inakuja. Tunataka mfanyakazi wa kawaida aongee. Aseme hii kodi itaumiza boss, na boss akiumia, hoteli yote imeumia. Waguse mioyo. Ukifanya poa, makaratasi yako ya kazi ya kudumu nitayapeleka mimi mwenyewe yatiwe sahihi."

"Nitasema, madamu," alijibu. "Lakini siwezi kusema shida ya mtu ambaye sijazungumza naye. Sijui kusema hivyo."

Kwa hiyo Bwana Elkanah akateremka chumba cha dobi. Ilikuwa mara yake ya kwanza, maana alilazimika kuulizia mlango. Aliketi juu ya kikapu cha taulo, naye Hafsa akamuuliza kama alivyowauliza wote. Mkurugenzi akajieleza, mwanzo kwa haya, kisha kwa moyo mmoja. Watoto wote walikuwa wakisoma ng'ambo na ada ya kule haina masihara. Nyumba ya Nairobi ilikuwa na mkopo, ya Diani vilevile. Mashua ya kujistarehesha nayo ilitozwa pesa kwa kutia nanga tu, iwe imetembea au haikutembea.

"Na usingizi, bwana? Unaupata?" Hafsa aliuliza.

Inaonekana hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Sipati, mama," alisema. "Nalala na dawa."

Hafsa akamwonea huruma. Mcheke ukitaka, lakini alimhurumia kwelikweli, kwa sababu mtu asiyepata usingizi kwake alikuwa mtu asiyepata usingizi.

Siku ya kamati ukumbi ulijaa. Hoteli ilileta wafanyakazi wake wamevaa fulana za manjano zilizoandikwa "Okoa Ajira", wengi wao wakiwa na ajira za mpaka mwisho wa mwezi. Wanakijiji walijaza viti vya nyuma, na soda zikapangwa mahali ambapo kila mtoa maoni angeziona. Waheshimiwa waliketi mbele chini ya feni. Gillian alikuwa amemwandalia Hafsa hotuba iliyopigwa chapa, yenye maneno kama mazingira wezeshi na ushindani wa soko la rasilimali watu. Hafsa akaanza kuisoma. Kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza, mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshafungua simu yake, na mheshimiwa mmoja amefumba macho ili asikie vizuri zaidi.

Hafsa aliiona kazi yake ya kudumu ikitoka kwa mlango wa nyuma. Akaikunja karatasi, akavuta pumzi, na akasema kwa namna aliyoijua.

"Waheshimiwa, na nyinyi ndugu zangu. Nimesimama hapa kwa ajili ya mtu aliyefikwa. Yumo humu ndani, ameketi pale mbele, na mkimtazama mtamwona amevaa vizuri. Msidanganyike na suti. Ana watoto wako mbali, hawaoni, na kila muhula anaandikiwa walipiwe. Ana nyumba mbili, zote si zake, ni za benki. Ana chombo baharini kinachomla pesa hata kikilala. Sasa kile kidogo alichojaaliwa, mnataka kumkata. Mimi nimezungumza naye. Huyu bwana usiku halali. Mkewe akilala, yeye yu macho anahesabu. Nani kati yetu hajawahi kulala hivyo?"

Mwenyekiti aliweka simu chini. Kule nyuma Bi Twaiba, ajuza wa Msambweni aliyekuwa amekuja kwa ajili ya soda na hakuona haya kulisema hilo, alijifuta macho kwa ncha ya leso. Gillian alitabasamu, na Bwana Elkanah akainamisha kichwa kwa unyenyekevu uliomkaa vizuri.

Kama Hafsa angeketi hapo, leo angekuwa na kazi ya kudumu. Lakini mkono una mazoea yake. Mara zote alizofika mahali hapo katika maneno, kilichofuata kilikuwa kimoja, na mwili wake ukakifanya bila kumuuliza. Aliivua kanga mabegani, akaitandika sakafuni mbele ya Mkurugenzi, akasema, "Haya jamani, mwenye chochote, Mungu atamlipa."

Alishtuka maneno yameshatoka. Alitaka kuinama aiokote, ila Bi Twaiba alikuwa ameshasimama, na katika Msambweni humwondolei ajuza kanga ya mchango ikiwa yuko njiani kuiendea. Bibi yule alikuja polepole, akakifungua kifundo cha leso yake, akatoa noti ya hamsini iliyokunjwa ikawa ndogo kabisa, akaiweka. Kisha akamshika mkono Bwana Elkanah.

"Pole, mwanangu. Hicho chombo kiuze. Utapumzika."

Baada yake foleni ikajipanga yenyewe. Mgema mmoja alitoa sarafu. Mama wa maandazi akatoa na kuomba radhi kwamba biashara ni mbaya. Vijana wa fulana za manjano walikuwa wakicheka mpaka wanashikana mabega, lakini hata wao, wakicheka, walitoa, maana kupita penye kanga iliyotandikwa mikono mitupu ni aibu usiyoizoea kwa siku moja. Mheshimiwa aliyesema kodi ni dhuluma aliiona kamera ya televisheni ikigeuka, naye akajipapasa mifuko yote akatoa noti, akaishika juu kidogo hadi alipohakikisha imepigwa picha.

Gillian alimnong'oneza bosi wake akatae. Si jambo rahisi. Mchango wa watu ukiukataa mbele yao umewatukana, na kamati nzima ilikuwa ikitazama.

"Bwana Mkurugenzi," alisema mwenyekiti kwa sauti ya heshima kubwa, "wananchi wanakungoja."

Wengi waliamini wanajua kitakachofuata. Tajiri akichangiwa kwa bahati mbaya husimama, hushukuru, huongeza chake juu yake na kumrudishia mtu kama Bi Twaiba, watu wakacheka na mambo yakaisha. Bwana Elkanah alisimama. Aliitazama kanga, akazikusanya pembe zake, akaifunga fundo.

"Asanteni sana," alisema. "Nimeguswa."

Akaondoka nayo. Gari lilisikika likiwashwa nje, na ndani hakuna aliyecheka tena. Bi Twaiba peke yake ndiye aliyeridhika. Alikuwa ametoa kwa nia safi na kimepokelewa, akaenda kuchukua soda yake.

Kesho yake picha ilienea kila mahali, na siku iliyofuata Hafsa aliitwa.

"Kwa nini ulimchezea boss hivyo, Hafsa?" Gillian aliuliza. Alionekana naye hajalala.

"Wallahi sikumchezea, madamu. Nilimhurumia."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," alisema Gillian.

Mkataba wake ulipokwisha haukufanywa upya. Unga ukamwagika hivyo hivyo, bila saa ya ukutani. Watu walimsifu njiani, wakamwita shujaa aliyewakomesha wakubwa, wakamgonga mkono na kwenda zao. Hafsa hakuzipenda sifa zile. Alikuwa amekwenda Msambweni kutafuta kazi, hakuwa amekwenda kukomesha mtu, na siku ile ya mwisho alilia njia nzima kutoka Diani mpaka nyumbani.

Mswada nao ulisifiwa sana. Kamati iliandika kwamba maoni ya wananchi wa Kwale yalikuwa ya hisia kali na yenye pande mbili, hivyo ikapendekeza mashauriano zaidi, na mashauriano hayo yanaendelea vizuri mpaka leo. Bonasi haikukatwa. Bwana Elkanah alihamia kampuni nyingine, kubwa kuliko ile, ambayo inasemekana inaelekea kuokolewa.

Hafsa akaamua kukaanga viazi karai. Alipata nafasi ukingoni mwa soko la Kombani, akakopa karai kwa dada yake, akanunua mafuta na unga, na asubuhi ya kwanza alifika mapema akakoleza makaa. Mafuta yalikuwa hayajapata moto aliposimamiwa na mkusanya ushuru wa soko, mwanamume wa makamo mwenye kimashine cha kutolea tiketi.

"Shikamoo, kaka," alisema Hafsa. "Ningojee kidogo. Sijauza hata kimoja. Nikipata wa kwanza nitakulipa."

"Marahaba, mama. Ushuru hauna kungoja. Kama hulipi, ondoa jiko."

"Lakini ni kodi ya nini, na mimi bado sijapata kitu?"

"Ya kukaa hapa. Mimi sikuitunga, mama. Sheria ni sheria, inamhusu kila mtu."

Hafsa alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukumbini alipandwa na hasira, ikampanda mpaka masikioni. "Kila mtu?" aliuliza.

Yule bwana alikuwa ameshabonyeza kimashine na tiketi ilikuwa inatoka. Hafsa akaingiza mkono kwenye kopo, akampa zile pesa alizokuja nazo za kuwarudishia wateja chenji.