Niliruka Tangazo la Mama Zaina

Admin, nifiche tafadhali, hapa mtaani Bwiza tunajuana wote. Mimi ni baba wa miaka hamsini na tatu, nina mke na watoto. Wiki iliyopita kijana wangu aliniwekea kwenye simu programu ya kutazama video bila matangazo. "Papa, sasa hautasumbuliwa tena," akaniambia. Mwingine angefurahi. Mimi niliona haya, maana wakati wa vita kazi hiyo niliifanya kwa mkono.

Nilikuwa na chumba cha video hapa Bwiza. Wachache walikuwa na televisheni, basi nilirekodi mechi na filamu nyumbani, na yakija matangazo nasimamisha kaseti. Watu waliacha vyumba vingine wakajaa kwangu, nami nikavimba kichwa.

Mama Zaina alikuwa amekimbilia kwa ndugu zake mtaa wa Gihosha, binti yake Zaina akapotea njiani. Alihangaika mpaka tangazo lake likapita kwenye televisheni, pamoja na picha ya mtoto. Kabla halijapita alikuja kwangu. "Kaka, hii moja usikate. Uiweke mbele ya kila filamu, batu bote baione." Nikamwahidi, nikalirekodi. Siku ya kwanza vijana walipiga miluzi kabla hata jina halijasomwa, nikaipeleka kaseti mbele. Sikulionyesha tena. Kila alipouliza nilimjibu, "Naionyesha kila siku, mama." Akawa ananiletea vitumbua, nami nikavila.

Mwaka huu Zaina amepatikana, mtu mzima mwenye watoto wake. Kumbe wakati ule alihifadhiwa na familia moja hapa hapa Bwiza, na alikuwa akikaa benchi la mbele kwangu. Sikumtambua. Ile picha sikuwahi kuitazama vizuri.

Sasa hataki kuongea na mama yake. Anamwambia, "We haukunitafuta, apana. Kwa yule wa video nilikuwa naenda kila siku, sikuona kitu." Mama wa watu analia, anaapa kwamba tangazo lilionyeshwa. Ameniomba niende kwake siku ya Idi nimwambie Zaina mwenyewe. "Kaka, shahidi yangu ni we peke yako."

Nikisema nililionyesha, Zaina anajua ni uongo, na mama yake atahesabiwa mwongo pamoja nami. Nikisema kweli, nitamtazamaje mama huyu?

Leo asubuhi amenipigia tena, anauliza kama bado napenda vitumbua. Ndugu zangu, nishaurini, nimjibu nini?