Kapasita Iliyoachwa Nje ya Mstari

Saa nne asubuhi, karakana ya taa mtaani Gungu. Capitoline Manirakiza anasogeza kipanya kidogo kidogo, anasimama, anafikicha macho. Kwenye skrini iliyopasuka pembeni, kwenye mchoro wa bodi ya umeme, rezista kumi na mbili, vipande vya kupunguza umeme, zimejipanga kama madumu kwenye foleni ya bomba. Moja imetoka nje kidogo, kiasi ambacho mtu mwingine asingeiona. Anairudisha.

"Siwezi kuiacha. Ikipinda, na mimi nakosa usingizi," anasema kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Mrundi huyu wa miaka ishirini na saba anachora bodi za taa za sola zinazotumiwa na wavuvi kuvutia dagaa usiku Ziwa Tanganyika. Mwaka 2015 alikuwa mwaka wa pili chuoni Bujumbura, vurugu zikamvusha mpaka hadi kijiji cha Kagunga na begi moja. Huu ni mwaka wa tatu anaishi kwenye kambi ya wakimbizi. Mjini huja kwa kibali cha siku kumi na nne, akiombewa kwa barua ya Nassib, fundi mwenye karakana hii. Kibali cha safari hii kinaisha kesho.

Ndiyo maana hana mchezo. Bodi za kwanza, ishirini, zilimwaibisha. Alipomaliza kuzichora aliona vipande havijakaa sawa, akavichagua vyote kwa mkupuo na kuiamuru programu ivipange. Mchoro ukapendeza. Kumbe kapasita moja, iliyotakiwa kubanana na chipu ili itulize umeme, nayo ilivutwa mstarini, mbali na mwenzake. Ziwani taa zikapepesa, dagaa wakatawanyika, wavuvi wakazirudisha wakifoka.

"Nilimwambia, dada yangu, huu ni uzuri wa mkakasi," anasema Nassib. "Anapanga bodi utadhani sebule ya bibi harusi!"

Utani unaishia hapo. Taa za bodi hizi mpya nazo zikipepesa, Nassib atanunua bodi za dukani, na barua ya kumwombea Capitoline haitaandikwa tena. "Kazi yake naipenda, lakini wavuvi hawali mstari."

Capitoline anasikia yote. Inachosha, tena inauma, kungoja barua ya mtu ili uruhusiwe kufanya kazi pekee unayoijua.

Anaisogeza kapasita hadi ubavuni mwa chipu. Imekaa mshazari, peke yake, mbele ya safu iliyonyooka. Anaitazama, anasonya, kisha anaifunga isisogezwe tena na programu.

"Mama wee, mbaya hii!" Anacheka kidogo. "Ego, ndiyo, ikae hivyo hivyo."

Anautuma mchoro kwa mtengenezaji. Bodi zitafika baada ya wiki tatu, yeye akiwa kambini, labda.

Anatumaini nini? Anaizima kompyuta kwanza.

"Zile za kwanza nilisimuliwa kwa simu kwamba zimeshindwa. Hizi nataka niwepo. Kaka Nassib aandike barua kabla boksi halijafunguliwa, niwashe moja mimi mwenyewe. Hata ikikataa, ikatae mikononi mwangu."