Zamu ya Kukata Upepo

Mbio za baiskeli nilijifunza peke yangu, kwa kusoma na kwa kupanda kilima cha Mbuya kila asubuhi kabla ya kazi. Watoto walikwisha kuhama, na katika fleti ya Bugolobi hapakuwa na mtu wa kuniuliza ninakokwenda. Niliposikia kwamba klabu moja ingempokea yeyote atakayemaliza mbio zake za wanaoanza akiwa ndani ya kundi, nilijiandikisha. Nilitaka watu wa kuendesha nao Jumapili.

Nilisoma kwamba anayekaa nyuma ya mwenzake hupumzika, kwa kuwa wa mbele ndiye anayekata upepo. Lakini sikuwahi kukaa nyuma ya mtu. Siku ya mbio, kwenye barabara ya viwandani, niliacha nafasi kubwa mno, nikapigwa na upepo kama siku zote. Aliyenitangulia, polisi mmoja mtu wa kaskazini, aligeuza shingo.

"Mzee, karibia. Mimi si lori, siwezi simama ghafla."

Nikasogea mpaka gurudumu langu likakaribia kugusa lake. Upepo ukatulia. Nikasikia minyororo, pumzi, na mtu akimtania mwenzake kwamba anaendesha kama amebeba mikungu ya matoke. Kwa miaka mingi sikuwa nimekaa karibu na watu namna ile bila kulazimika kusema neno.

Kila mmoja alishika nafasi ya mbele kwa muda mfupi, kisha akajitoa pembeni na kurudi mkiani. Polisi alipojitoa, nikabaki mbele mimi. Furaha ilinizidi. Nikaongeza mwendo, nikang'ang'ania hapo, nikiamini ninawalipa wema. Tulipoanza kupanda Mbuya miguu ikagoma. Wakanipita mmoja mmoja, wakaungana tena kileleni, wakapotelea mteremkoni.

Nilipofika mwisho, mahema yalikuwa yakikunjwa. Polisi alinipa maji.

"Zamu si ya kuonyesha nguvu, Mzee. Ni ya kupumzisha wenzako. Wewe umetuchosha, halafu umechoka."

Nilimwuliza kama ningeweza kuja Jumapili hata hivyo. Akatazama pembeni, akasema sharti ni lile lile kwa wote, nijaribu mbio zijazo.

Jumapili nilitoka alfajiri, peke yangu. Kwenye tambarare nilikanyaga mwendo wa wastani, nikahesabu pumzi chache, nikajitoa pembeni na kupunguza kasi ili wa nyuma apite. Nilisubiri muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha nikarudi katikati ya barabara, nikaanza upya.