Mtoto Asiyetafuna Si Mchawi

Siku yangu ya ndoa naikumbuka nusunusu, mwanangu, lakini Jumapili ile kule mtaa wa Manika naikumbuka yote, mpaka rangi ya sahani. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Tulikaa Dilala, mtaa mwingine wa mji ule ule, katika nyumba za kampuni ambayo mume wangu alikuwa fundi umeme wake, na mtoto wetu wa kwanza, Ngoie, alikuwa amefika miaka mitatu bila kujua kutafuna.

Sikufichi kitu. Uji alikunywa. Ukimpa bukari, ugali wetu, anaiweka shavuni, inakaa pale mpaka inalegea, halafu inatoka yote pamoja na mate. Nyama ndiyo usiseme. Watoto wa majirani, wa umri wake, walikuwa wanavunja mahindi ya kuchoma kwa meno. Wangu alikuwa na meno yote, tena mazuri. Watu wakasema nimemdekeza. Wakasema ana kiburi. Na mimi mama yake, niliyekuwa namwona kila siku akihangaika na kijiko kimoja, niliwaamini.

Jumapili hiyo dada mkubwa wa mume wangu, Yaya Odette, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, alikuwa amebatizisha mtoto wake, na ua wake ulijaa wageni. Chakula kilipofika, nikatoa chupa ya uji wa Ngoie kwenye mfuko. Odette akacheka mbele ya wote.

"Mama Ngoie, ungali unamupa uji? Mutoto mukubwa vile? Ni weye unamuharibisha!"

Na wengine wakacheka. Aibu ilinipanda kichwani. Nikamlaza Ngoie mapajani, nikambana pua kwa vidole viwili, na alipofungua kinywa ili apumue, nikamsukumia tonge la bukari na kipande cha nyama juu yake. Alinitazama. Halafu akaacha kupumua.

Hakukohoa, hakulia. Midomo ilikuwa inageuka rangi, na mimi napiga kelele tu. Aliyemwokoa ni mwanamke mzee aliyeketi karibu na mlango, Mama Kalala, mjane aliyekuwa akiuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Alimnyakua, akamlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, akampiga mgongoni katikati ya mabega. Mara ya tatu tonge likaruka. Ngoie akalia, na mimi nikakaa chini kwenye vumbi na nguo yangu mpya.

Mama Kalala hakunibembeleza. Alisema mbele ya wale wale waliocheka:

"Unamulisha mutoto, ao unalisha macho ya bale batu?"

Ndipo akaniinamia, akashusha sauti.

"Mi nililea ndugu yangu wa kinywa ya vile. Haiko kiburi. Kinywa yake haijue kazi. Kesho umulete kwangu."

Nilikwenda kesho yake, na keshokutwa, na siku nyingi baada ya hapo. Sehemu kubwa ya alichonifundisha ilikuwa kutazama tu. Nimwangalie ulimi unakwenda wapi. Nimkalishe wima, mgongo umeegemea, nisimlishe amelala tena. Nimpe kiazi kitamu kilichoiva sana, kipande kama ukucha, nikiweke pembeni, kwenye meno ya nyuma, halafu ningoje mpaka ameze ndipo nitoe kingine. Na mimi nitafune mbele yake, kinywa wazi, bila adabu, ili aone. (Tulikuwa tunachekesha, mimi na yeye, kama mbuzi wawili.) Chakula kimoja kilichukua saa nzima. Siku nyingine vipande vitatu, siku nyingine hakuna.

Ndipo Odette alipotujia Dilala. Katika chumba cha maombi alichosali, alisema, mchungaji alikuwa amemwona Ngoie katika maono.

"Mutoto hatafune huku sababu anakulaka batu ku bulozi. Mumulete. Afunge siku tatu, bamuombee."

Wewe ni wa hapa, unajua neno hilo la uchawi linafanya nini. Mtoto akishaitwa mchawi, hata shangazi yake anaogopa kumshika mkono. Nilisimama. Najua mke hasimami hivyo mbele ya dada wa mume wake. Nilisimama hata hivyo.

"Yaya, nahangaika juma nzima aongeze kipande kimoja, na weye unataka afunge? Haendi."

"Unakatala maombi?"

"Nakatala njaa. Batu ba maombi baje bamuombee hapa, akiwa anakula."

Odette akamgeukia ndugu yake. Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini alimwogopa dada yake aliyemlea. Akasema, huku akiangalia sakafu, labda siku moja tu. Niliumia kuliko siku ile ya ubatizo. Nikamwambia: "Tata Ngoie, siku hiyo moja utanitoa na mi humu ndani. Kabla ya mchungaji, twende kwanza kwa daktari. Wote wawili."

Tulikwenda. Daktari alimtazama Ngoie akila ndizi, akamwambia atoe ulimi, akamshika taya. Akauliza kama alilia alipozaliwa. Nikasema alichelewa, mkunga alimsugua muda mrefu. Akatueleza kwamba pale ndipo penye shida, kwamba misuli ya ulimi na ya taya ni dhaifu, na kwamba atajifunza kwa kufundishwa, ingawa huenda asijifunze yote. Mume wangu alimwomba arudie. Daktari akarudia. Njiani kurudi alimbeba Ngoie mabegani, na tulipokaribia Dilala akanikabidhi mtoto, akaenda Manika peke yake kumwambia dada yake hapana. Alimwambia nini hasa, hakunisimulia. Miaka miwili Odette hakukanyaga kwetu. Nilimkumbuka, kwa sababu alikuwa mchangamfu, lakini sikumfuata.

Ngoie alitafuna kiazi akiwa na miaka mitano. Bukari ilingoja mpaka alipokaribia kuanza shule. Nyama ngumu mpaka leo hali, na leo ni mwanamke mwenye cherehani yake na wateja wake. Odette alirudi mwenyewe, akamshonesha nguo ya Pasaka. Kuomba msamaha hakuomba. Ngoie alimpima bega na kiuno, akamshonea vizuri.

Sasa nakuambia wewe unayenisoma ukiwa na mtoto anayeweka chakula shavuni. Usimbane pua. Usimsukumie tonge. Mkalishe wima, mpe kilaini, kidogo, ungoje. Mpeleke hospitali mapema, usisubiri mtu wa ukoo akuruhusu. Siku hizi wanakuletea dawa ndani ya simu, sauti ya mtu usiyemjua ikikuambia umchanje ulimi au umnyime chakula; futa. Na atakayemwita mwanao mchawi, awe mkubwa wako, awe amevaa kola ya mchungaji, mwambie hapana ukiwa umesimama. Ukikosa ujasiri, mwambie hapana ukiwa unatetemeka. Mimi nilitetemeka. Hata makosa yako mwenyewe yasikunyamazishe: nilimkaba mwanangu kwa mkono huu, na mkono huu huu ulimlisha mpaka akakua.

Mungu akupe mikono yenye subira na mdomo mkali. Amlinde mtoto wako mezani na mlangoni, amwongezee nguvu kila kukicha, na wewe akujalie uzee wa kukaa chini ukimwona ameshiba.